Kutoka Alliance ya Dodoma hadi Bungeni: Job Lusinde na Njia ya Mwalimu katika Siasa

Kati ya marais wote walioiongoza Tanzania tangu Uhuru, watatu waliwahi kusimama mbele ya darasa wakiwa walimu wa shule: Julius Nyerere, Ali Hassan Mwinyi na John Magufuli. Ukiongeza Kassim Majaliwa, aliyekuwa Waziri Mkuu kuanzia Novemba 2015 hadi Novemba 2025, na baadhi ya mawaziri wa Baraza la kwanza la mwaka 1961, utaona kwamba ualimu umekuwa mlango mkubwa wa kuingilia katika siasa za nchi hii, mkubwa pengine kuliko uwakili, biashara au jeshi. Maelezo yanayotolewa aghalabu ni kwamba mwalimu anajulikana kijijini na anajua kusema mbele za watu. Maelezo hayo si ya uongo, ila hayatoshi, kwa sababu mhubiri, mwenye duka na karani wa mahakama walijulikana vilevile, na wengi wao walisema vizuri zaidi. Maisha ya Job Malecela Lusinde, mwalimu wa Dodoma aliyekuja kuwa mbunge, waziri na balozi, yanaonyesha mambo mawili ambayo maelezo hayo ya kawaida yanayaacha: kwanza, namna sheria ya ajira ilivyoamua ni mwalimu gani angeweza kuwa mwanasiasa, pili, kwamba thamani ya mwalimu bungeni inategemea sana alipitia wapi baada ya kutoka darasani.

Shule aliyofundisha Lusinde ilikuwa Alliance, iliyojengwa eneo la Kikuyu mjini Dodoma. Jina lake lilitokana na ushirikiano wa misheni za Kiprotestanti zilizokubaliana kuendesha shule moja ya juu badala ya kila moja kuhangaika na yake. Nguzo ya ushirikiano huo katika nyanda za kati ilikuwa Dayosisi ya Tanganyika ya Kati ya Kanisa la Anglikana, iliyoanzishwa mwaka 1927 chini ya Askofu George Alexander Chambers, aliyetoka Sydney, na kwa miaka mingi ikahudumiwa na wamisionari, wauguzi na walimu kutoka Australia. Kwa hiyo kijana wa Kigogo aliyesoma au kufundisha Alliance alikuwa katika mazingira ya pekee: nje palikuwa na nchi kame ya mtama, uwele na mifugo, ambako mvua ikikosekana njaa haichelewi, ndani palikuwa na walimu wa kigeni waliotoka katika nchi ambayo yenyewe ilikuwa imechagua Bunge lake la kwanza la shirikisho mwaka 1901. Baada ya Uhuru shule ilipewa jina la Mazengo, kumkumbuka Mtemi Mazengo wa Mvumi, na tangu mwaka 2007 majengo yake yamekuwa makao ya Chuo Kikuu cha St John's.

Ili kuelewa kwa nini shule ya misheni, na si shule ya serikali, ndiyo iliyotoa wanasiasa, ni lazima kurudi mwaka 1953. Mwaka huo serikali ya kikoloni chini ya Gavana Edward Twining ilitoa Waraka Namba 5, yaani agizo la maandishi kwa idara zote, lililowakataza watumishi wa serikali kujiunga na vyama vya siasa. Waraka huo ulikivunja mgongo Chama cha Waafrika wa Tanganyika, maarufu kwa kifupi chake cha TAA, kwa kuwa makarani, matabibu na walimu wa shule za serikali ndio waliokuwa wakiandika kumbukumbu zake na kuongoza matawi yake. Wengi walilazimika kuchagua kati ya mshahara na chama, na wenye watoto wa kulisha walichagua mshahara, jambo ambalo hakuna haki ya kuwalaumu kwalo hata leo.

Mwalimu wa misheni alikuwa katika hali tofauti. Shule yake ilipokea ruzuku ya serikali, lakini mwajiri wake alikuwa kanisa, na kwa hiyo waraka haukumgusa moja kwa moja. Nafasi hiyo nyembamba ndiyo iliyomwezesha Nyerere, aliyekuwa akifundisha Pugu katika shule ya Wakatoliki, kuendelea kuwa rais wa TAA na kisha kuanzisha chama cha TANU tarehe 7 Julai 1954, hadi Machi 1955 aliporejea kutoka Umoja wa Mataifa New York na kujiuzulu ualimu baada ya waajiri wake kutaka achague. Ndiyo pia iliyomwezesha Oscar Kambona, aliyekuwa mwalimu wa Alliance hapohapo Dodoma, kuacha chaki na kwenda kuwa Katibu Mwenezi wa TANU akizunguka nchi kuandikisha wanachama. Kwa maneno mengine, uongozi wa harakati za Uhuru ulipatikana kwa sehemu kwa sababu waraka mmoja ulifunga mlango mkubwa ukasahau mdogo.

Lusinde, aliyezaliwa Oktoba 1930 katika familia ya Kigogo iliyoshika Ukristo, alisoma hadi Makerere, chuo kikuu pekee kilichokuwa karibu kwa kijana wa Tanganyika wa wakati huo, na mwaka 1955 akarudi Dodoma kufundisha Alliance. TANU ilikuwa ndiyo kwanza inaingia mjini, na waliotangulia kuishika hawakuwa wasomi. Walikuwa wafanyakazi na wafanyabiashara wadogo wa mjini, watu kama Haruna Taratibu, ambao walihatarisha vibarua vyao kabla msomi yeyote wa nyanda za kati hajajitokeza hadharani. Jambo hili linafaa kusemwa wazi kila historia ya walimu inapoandikwa, maana ipo hatari ya kudhani kwamba mwalimu ndiye aliyeleta siasa kwa watu, ilhali mara nyingi watu walikwisha kuzianza, wakamtafuta mwalimu kwa sababu walihitaji mtu wa kuandika barua kwa Mkuu wa Wilaya na kuisoma vizuri barua itakaporudi.

Uchaguzi wa mwaka 1958 uliongeza thamani ya mtu wa namna hiyo. Uchaguzi huo ulifuata utaratibu uliojulikana kama kura tatu, ambapo kila mpiga kura alitakiwa kuchagua Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja, la sivyo kura yake iliharibika, na haki ya kupiga kura yenyewe ilifungwa kwa masharti ya kipato, elimu au cheo. TANU ilijadili suala hilo kwa siku kadhaa katika mkutano wake wa Tabora, Januari 1958, na kuamua kushiriki licha ya hasira za wengi. Baada ya uamuzi kulikuwa na kazi ngumu ya kuwaeleza wanachama kwa nini chama kilichopinga ubaguzi kinawaomba wapige kura katika uchaguzi wa kibaguzi, na namna ya kuijaza karatasi bila kuiharibu. Kazi ya namna hiyo ni ya mwalimu hasa: kueleza jambo lisilopendeza kwa mtu mwenye mashaka, hatua kwa hatua, mpaka aweze kulifanya mwenyewe bila kushikwa mkono.

Mwaka 1959 Lusinde aliacha kufundisha, lakini hakwenda moja kwa moja katika siasa za kitaifa. Aliingia katika Baraza la Ugogo akiwa ofisa mtendaji, na huu ndio wakati unaostahili kutazamwa kwa makini kuliko mwingine wowote katika maisha yake. Mabaraza ya wenyeji yalikuwa vyombo vya serikali ya mitaa vilivyokusanya kodi, kusimamia minada na masoko, kulipa makarani na kutunza zahanati na shule za msingi, huku watemi na wazee wakiwa na viti vyao na Mkuu wa Wilaya wa Kiingereza akiwa na neno la mwisho. Ofisa mtendaji alikuwa mtu wa katikati. Mfugaji aliyekuja na ng'ombe wake mnadani hakuwa mwanafunzi. Hakuogopa kiboko wala alama, alimjibu mtendaji mbele ya watu, na kama ushuru ulimwonea alisema hivyo kwa Kigogo kisichohitaji tafsiri. Mzee wa baraza aliweza kukataa hoja iliyoandikwa kwa ufasaha kwa sababu tu aliujua ukoo wa anayeileta. Mwalimu aliyezoea kusema na kusikilizwa alikutana hapo, pengine kwa mara ya kwanza katika maisha yake ya kazi, na watu wazima walio sawa naye, wenye mali yao, wanaoweza kumwambia hapana.

Hapo ndipo tofauti kati ya mwalimu mbunge na mwalimu mtawala inapozaliwa. Darasa humpa mtu zawadi mbili kwa wakati mmoja. Ya kwanza ni subira ya kueleza: kujua kwamba mwenye kosa si lazima awe yule ambaye hajaelewa, na kwamba somo lililoandaliwa vibaya halikombolewi kwa kupaza sauti. Ya pili ni mazoea ya kuamuru, kwa kuwa mbele ya watoto hamsini mwalimu ndiye mwenye ratiba, ubao, adhabu na jibu sahihi. Mtu akitoka darasani na kuingia moja kwa moja katika madaraka makubwa, zawadi ya pili huota haraka kuliko ya kwanza. Akipitia barazani, ambako hoja yake inakataliwa na karani anamkumbusha kwamba fedha hazipo, mazoea ya kuamuru hupunguzwa makali kabla hayajapewa dola.

Lusinde aliingia katika Baraza la Mawaziri la Uhuru akiwa na umri wa miaka 31, na akapewa wizara aliyoijua kwa mikono yake, yaani Serikali za Mitaa. Katika baraza hilohilo Kambona alikuwa Waziri wa Elimu, kwa hiyo Tanganyika ilipandisha bendera yake Desemba 1961 ikiwa na mawaziri wawili waliowahi kufundisha shule moja ya Kikuyu, Dodoma. Kazi iliyowekwa mezani kwa Lusinde ilikuwa kuyageuza mabaraza ya wenyeji, yaliyosimama juu ya mamlaka ya machifu, kuwa halmashauri za wilaya zenye madiwani wa kuchaguliwa, mageuzi yaliyofikia kilele mwaka 1963 utawala wa machifu ulipofutwa kisheria. Ni jambo la kutafakarisha kwamba shule aliyotoka waziri huyo ilikuja kuitwa kwa jina la mtemi, na halina ubishi wowote ndani yake: watu wa Ugogo waliweza kukiondoa cheo bila kumdharau mwenye cheo.

Baadaye alihamishiwa Mambo ya Ndani. Tarehe 20 Januari 1964, askari wa kambi ya Colito jijini Dar es Salaam walipoasi, wizara mbili zenye dhamana ya nguvu za dola, yaani Mambo ya Ndani pamoja na ile ya Mambo ya Nje na Ulinzi, zilikuwa mikononi mwa walimu wawili wa zamani wa Alliance, Lusinde na Kambona. Kuanzia mwaka 1965 aliongoza kwa takriban miaka kumi wizara iliyobeba mawasiliano, uchukuzi na ujenzi, kipindi ambacho reli ya TAZARA ilijengwa, kisha akawa balozi nchini China. Alifariki Julai 2020, akiwa miongoni mwa wa mwisho waliobaki wa Baraza lile la kwanza. Wasifu wake hauna kishindo cha Kambona, aliyejiuzulu mwaka 1967 na kuishi uhamishoni hadi mwaka 1992, na labda ndiyo sababu unakumbukwa kidogo mno kuliko unavyostahili.

Bunge la miaka hiyo nalo lilikuwa na namna yake ya kuwajibu walimu. Katika uchaguzi wa mwaka 1965, wa kwanza chini ya chama kimoja, wagombea wawili wa TANU walishindanishwa katika karibu kila jimbo, mmoja akipewa alama ya jembe na mwingine ya nyumba ili asiyejua kusoma aweze kuchagua, na wapiga kura wakamwangusha hata Waziri wa Fedha, Paul Bomani. Chama kilikuwa kimoja, lakini hapana ya mpiga kura ilikuwa bado ina meno.

Mahali ambapo hapana hiyo haikusikilizwa ni papo hapo Dodoma, miaka michache baadaye. Operesheni Dodoma, iliyoanza mwanzoni mwa miaka ya 1970 baada ya ukame mkali, ilikusudia kuwakusanya wakazi wa mkoa katika vijiji vya ujamaa ili shule, maji na zahanati viwafikie. Nia ilikuwa njema na hakuna sababu ya kuitilia shaka. Nyerere mwenyewe alikwenda Chamwino na kushika kazi ya ujenzi pamoja na wanakijiji. Lakini Mgogo aliishi katika tembe, nyumba pana yenye paa bapa la udongo na zizi katikati yake, na tembe zilitawanyika kwa sababu ng'ombe huhitaji malisho mapana na shamba la nchi kame huhitaji kupumzishwa. Kupanga nyumba kwa mistari iliyonyooka kulikuwa kumpa mfugaji jibu kabla ya kusikia swali lake, na amri ilipoanza kutekelezwa kwa haraka na watendaji waliotaka kusifiwa, kueleza kuliachwa nyuma. Kiongozi yuleyule aliyewafundisha Watanganyika kwa subira maana ya kura tatu alikuwa sasa na dola inayoweza kuruka hatua ya kueleza. Anayempenda Mwalimu Nyerere hana haja ya kulificha jambo hili, kwa maana yeye mwenyewe katika maisha yake ya baadaye alikiri wazi kwamba serikali yake ilikosea mambo kadhaa.

Swali la sheria lililowakabili walimu wa mwaka 1953 halikuwa la makoloni peke yake. Katiba ya Australia, katika kifungu chake cha 44, inamzuia mtu mwenye ajira ya malipo chini ya Taji, yaani mtumishi wa serikali, kuchaguliwa kuwa mbunge, kwa hoja kwamba anayelipwa na serikali hawezi kuisimamia. Aprili 1992 mwalimu Phil Cleary alishinda uchaguzi mdogo wa jimbo la Wills, mjini Melbourne, kiti kilichoachwa na waziri mkuu wa zamani Bob Hawke. Cleary alikuwa katika likizo bila malipo kutoka shule ya serikali, hakupokea mshahara wala hakufundisha. Hata hivyo, Novemba mwaka huo Mahakama Kuu ya nchi hiyo ilibatilisha ushindi wake, kwa kuwa siku ya kuteuliwa kugombea alikuwa bado mwajiriwa kwa mujibu wa sheria. Akagombea tena mwaka 1993 na kushinda. Waraka wa Twining ulitaka kunyamazisha, kifungu cha Australia kinataka kulinda uhuru wa Bunge, na makusudio hayo mawili hayafanani hata kidogo. Lakini mwalimu wa kawaida hukutana na athari ileile, kwamba lazima atupe mkate wake mezani kabla hajajua kama watu wanamtaka.

Mwalimu wa Bahi, Kondoa au Mpwapwa wa leo anaujua uzito huo. Akishinda ubunge ajira yake ya ualimu inakwisha, na kabla ya kushinda anakabili gharama za kura za maoni ndani ya chama, ambako mwenye malori na mwenye mshahara wa serikali hawapimani. Hadhi yake nayo si ile ya mwaka 1955. Wakati ule mwalimu wa Alliance alikuwa mmoja wa watu wachache mno waliofika Makerere. Baada ya Elimu ya Msingi kwa Wote ya mwaka 1977, iliyohitaji maelfu ya walimu kwa haraka na kuwachukua hata wahitimu wa darasa la saba, kazi hiyo ilipanuka huku heshima na malipo yake vikibaki nyuma. Ndiyo maana walimu waliofika mbali katika kizazi kilichofuata walipitia ngazi nyingine. Magufuli alifundisha kemia na hisabati Sengerema kwa muda mfupi, akarudi kusoma, akawa mkemia, kisha mbunge mwaka 1995. Margaret Sitta alipanda kupitia Chama cha Walimu, akiwa rais wake, kabla ya kuwa Waziri wa Elimu mwaka 2006. Majaliwa naye alikuwa katibu katika chama hichohicho, kisha Mkuu wa Wilaya za Urambo na Rufiji, kabla ya kuchaguliwa mbunge wa Ruangwa mwaka 2010.

Serikali ya Magufuli inaonyesha zawadi zote mbili za darasa zikifanya kazi pamoja. Elimu bila ada kuanzia Januari 2016 ilikuwa sera ya mtu anayejua kwamba mtoto anaweza kurudishwa nyumbani kwa mchango wa elfu chache, na iliwaleta shuleni watoto wengi kiasi cha kuyalemea madarasa. Hatua ya kuihamishia serikali Dodoma, iliyoamuliwa na chama tangu mwaka 1973 na kuahirishwa kwa zaidi ya miongo minne, ilitekelezwa kwa tamko la Julai 2016, na Majaliwa akawa wa mbele kuhamia. Lakini Juni 2017 Magufuli huyohuyo alitangaza jukwaani kwamba msichana aliyepata mimba hatarudi shule ya serikali chini ya utawala wake, na tamko la jukwaani likawa na nguvu kuliko mjadala wowote wa Bunge, mpaka serikali iliyofuata ilipoliondoa Novemba 2021. Wasichana waliopoteza miaka hiyo hawakuwahi kupewa nafasi ya kujibu.

Ndani ya ukumbi wa Bunge kuna mahali ambapo mwalimu anaweza kuwa wa manufaa kuliko mtu mwingine yeyote, nako ni kipindi cha maswali. Swali la msingi huanza kwa maneno yaliyozoeleka, «Je, Serikali ina mpango gani wa…», na jibu aghalabu huishia kwamba kazi itafanyika kadiri fedha zitakavyopatikana. Aliyewahi kusahihisha madaftari anaitambua mara moja sentensi inayojaza mstari bila kujibu, na swali lake la nyongeza, ambalo kanuni zinamruhusu kuuliza papo hapo, linaweza kudai mwaka, kiasi na jina la kijiji. Maswali ya Alhamisi kwa Waziri Mkuu yalimweka Majaliwa, mwalimu kitaaluma, upande wa pili wa meza, akitahiniwa. Kadhalika Bunge lilipopitisha mwaka 2018 sheria ya kuunda Bodi ya Kitaalamu ya Walimu, inayomtaka mwalimu asajiliwe na kupewa leseni, aliyefundisha alikuwa na uwezo wa kuuliza ada ya leseni italipwa kutoka mshahara upi, na mwalimu wa kijijini ataifuata ofisi ya bodi kwa nauli ya nani.

Kwa hali hiyo, njia ya kati aliyopitia Lusinde, ile ya baraza la mitaa, ndiyo inayohitaji kufunguliwa. Sheria inaweza kumruhusu mwalimu wa serikali kuwa diwani wa kata asikofundisha, akibaki na ajira yake na kujitoa katika maamuzi yanayohusu shule yake, na inaweza kumhakikishia mwalimu anayegombea ubunge kwamba akishindwa atarudi katika cheo na mshahara uleule pasipo kuhamishwa kwa kuadhibiwa. Udiwani haulipi vizuri wala hauna fahari, na vikao vyake vimejaa hoja za choo cha soko na ushuru wa mnada, lakini katika vikao hivyo mfugaji wa Ugogo bado anaweza kusimama na kumwambia msomi kwamba amekosea hesabu.